UZI: Chemba zinatapika kila mvua ikinyesha Dodoma. Kabla hatujadai mtambo wa kusafisha majitaka tujue kwanza maji yanaingilia wapi

FundiLevo (mleta mada), Jumamosi saa 3 usiku

Wakuu mbukwenyi.

Ile mvua ya jana saa kumi jioni mmeiona? Mi ilinikuta kwenye kibanda cha mama mmoja muuza chapati hapa mtaani kwetu, na mbele ya kibanda chake kuna chemba ya majitaka. Mvua haina hata dakika ishirini mfuniko ukaanza kucheza, unainuka kidogo unarudi, unainuka unarudi, kama mfuniko wa sufuria ya maharage. Mama wala hakushtuka, kanyanyua jiko lake kaliweka juu ya tofali kaendelea kusukuma chapati. Dakika tano baadae mfuniko ukakaa upande na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaanza kushuka na mtaro mpaka korongoni, yana karatasi za chooni, pampasi, na vitu vingine sivitaji maana kuna watu wanakula.

Nimebeba levo na rula kwenye miradi ya mabomba miaka kadhaa, jina linajieleza. Na kila ikitokea hivi najua kesho yake kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa wimbo ni mmoja tu, "wajenge mtambo". Sasa leo tuuongelee huo mtambo, maana nadhani tunaanzia mwisho.

Wenzetu wa miji ya zamani, London, Chicago, Atlanta na mingine, walijenga bomba moja linabeba vyote, maji ya vyooni na maji ya mvua. Enzi hizo ilionekana ni akili. Kiangazi maji yote yanaenda kusafishwa, mvua ikiwa kubwa bomba linajaa, na ili uchafu usirudi vyumbani kwa watu wakaacha mdomo wa kufurikia unaomwaga mtoni. Marekani miji yenye mfumo huo ipo kama 700 mpaka leo. Wametumia mabilioni ya dola kupunguza hayo mafuriko ya bomba na bado hawajamaliza.

Sisi kwenye karatasi hatuna hilo tatizo. Bomba la majitaka ni la majitaka, mvua ina mitaro yake. Ila nenda uani kwa watu uone. Mtu kapiga pevingi uwanja mzima, maji hayana pa kwenda, fundi anamwambia bosi mbona chemba iko hapo hapo, tunatoboa tu tunachomeka bomba la inchi nne. Imeisha hiyo. Mwingine mpaka mabomba ya paa kayaelekeza humo. Kwa hiyo tumejenga mabomba mawili halafu tukayageuza kuwa moja kimya kimya, alafu hatuna ule mdomo wa kufurikia, mdomo wetu ni chemba ya mama chapati.

Pigeni hesabu na mimi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hiyo haina ubishi. Nyumba ina paa na pevingi mita 300 za mraba, mvua ya milimita 25 inapiga, hapo una lita 7,500. Nyumba hiyo ina watu sita, kila mmoja anatoa majitaka lita 80 kwa siku, jumla lita 480. Yani saa moja ya mvua inaingiza kwenye bomba maji ambayo nyumba ile ingeyatoa kwa siku kumi na tano. Nyumba moja hiyo.

Ntaendelea kesho, umeme unacheza cheza.

MpigaDebeSabasaba, Jumamosi saa 3 usiku

Siti ya mbele dirishani 🤣 Hiyo ya mfuniko wa maharage umenimaliza mkuu

MzeeZabibu, Jumamosi saa 4 usiku

Dodoma na mafuriko wapi na wapi. Mji huu mvua kwa mwaka haizidi sana milimita 500 na kitu, 600 ikijitahidi, inaanza Desemba ikifika Aprili imeaga. Mnataka kujenga mtambo wa mabilioni ufanye kazi miezi minne halafu ulale? Hela hiyo tuchimbieni visima.

BintiMiyuji, Jumamosi saa 4 usiku

Mzee wangu shikamoo ila nakukatalia. Mvua ni chache kweli ila ikija inakuja yote siku moja. Mi nilipanga nyumba mwaka juzi, mwenye nyumba kaunganisha maji ya uani kwenye chemba kama anavyosema mleta mada, sisi chumba cha mwisho ndo tuko chini kuliko wote. Mvua ikinyesha choo chetu kinarudisha. Unasikia kwanza blup blup kwenye sinki la bafuni, ukisikia hivyo una kama dakika tano uondoe mazulia. Mwanangu aliharisha wiki nzima, nilipomwambia mwenye nyumba akanijibu "mvua ni baraka mama". Nikahama.

FundiLevo, Jumapili saa 2 asubuhi

Pole sana dada. Hiyo blup blup ni hewa, bomba kuu limejaa linasukuma hewa kurudi nyuma, anaeishi chini kuliko wote ndo anaipata kwanza.

Mzee Zabibu nakuja kwako, hoja yako ya miezi minne ni ya msingi kuliko unavyodhani, ntaigusa.

Tuendelee na hesabu. Chukua mtaa wa hekta 40, nusu yake ni mapaa, lami na pevingi, hapo una mita za mraba 200,000 zisizonywa maji. Mvua ya milimita 25 kwa saa inakupa lita milioni 5. Wakazi elfu nne kwa lita 80 wanatoa lita 320,000 kwa siku, gawa kwa 24 ni kama 13,000 kwa saa, zidisha mara tatu kwa ile asubuhi kila mtu anaoga, lita 40,000. Sasa hata tuseme ni sehemu moja tu ya kumi ya hayo mapaa na mauani ndo imeunganishwa kienyeji, ni lita 500,000 ndani ya saa moja kwenye bomba lililotegemea 40,000. Zaidi ya mara kumi na mbili. Hakuna bomba hapo, litatapika tu.

Ndo maana nasema ukijenga mtambo mwisho wa bomba bila kugusa hili umejenga pambo. Maji hayafiki mtamboni, yanatokea njiani.

KisimaChaKale, Jumapili saa 3 asubuhi

Sasa si jibu umelitoa mwenyewe? Tenganisha. Kata hayo maunganisho yote, majitaka yaende zake mvua iende zake. Hakuna haja ya uzi mrefu hivi.

MteraJunior, Jumapili saa 5 asubuhi

Naona KisimaChaKale anataka tumalize kabla ya chai. Mi nimesomea haya mambo na nimekaa kwenye ofisi ya wasanifu, niongeze kidogo.

Kutenganisha ni sawa kabisa kwetu kwa sababu mabomba mawili tayari yapo, kazi ni kukata walioingia kinyemela. Kwa wenzetu ambao bomba ni moja tangu mwanzo inabidi uchimbue mji mzima, ndo maana wengi wameshindwa wakaenda njia nyingine. Chicago walianza mahandaki yao mwaka 1975, mahandaki yakaisha 2006, urefu maili 109, yanapeleka maji kwenye mabwawa makubwa na bwawa la mwisho bado halijaisha. London wamemaliza kuunganisha handaki lao la kilomita 25 chini ya Thames mwaka 2025, upana wake mita 7 na ushee, basi linapita humo. Hizo ni hela za kwao.

Ila usidhani ukishatenganisha maji ya mvua yanakuwa masafi. Mvua ya kwanza baada ya miezi saba ya kiangazi Dodoma inafagia nini barabarani? Mavi ya mbuzi, mafuta ya bodaboda, vumbi la breki, mizoga, mifuko, na vile vyoo vya shimo vinavyojaa vikachanganyika nayo. Sampo ya maji ya mtaro dakika kumi za kwanza za mvua ya Desemba mimi nimeishika mkononi kwenye chupa, ilikuwa nyeusi kama ya gereji. Baada ya nusu saa maji yale yale yamebaki na rangi ya udongo tu.

Kwa hiyo swali la mipango sio "mtambo au hakuna mtambo", swali ni sehemu gani ya mvua unataka kuishughulikia. Marekani sera yao ya 1994 inaruhusu mji kupanga hivi: ama bomba lisifurikie mtoni zaidi ya wastani wa mara nne kwa mwaka, ama ukamate na kusafisha angalau asilimia 85 ya maji yanayokusanywa na bomba wakati wa mvua. Hawajasema sifuri. Anaesema sifuri hajaona bei yake.

MpigaDebeSabasaba, Jumapili saa 5 asubuhi

Mara nne kwa mwaka si ndo mvua zote za Dodoma hizo 😂😂

MteraJunior, Jumapili saa 6 mchana

Umecheka ila umegonga. Kwetu hiyo namba haina maana, mvua kubwa zenyewe unaweza kuzihesabu kwa vidole. Hapa ile ya asilimia ya ujazo ndo inafaa, au useme tunakamata milimita kadhaa za kwanza za kila mvua.

FundiLevo, Jumapili saa 2 usiku

Hapo Mtera ndo nilipokuwa naelekea. Tuseme mtaa ule ule wa hekta 40. Unataka kukamata milimita 5 za kwanza, zile chafu. Mita za mraba 200,000 kwa milimita 5 ni mita za ujazo 1,000. Ni beseni la zege mita 20 kwa 20, kina mita mbili na nusu. Uwanja wa netiboli wenyewe ni mkubwa kuliko hilo. Unaliweka pembeni ya korongo pale mitaro inapokutana, maji ya kwanza yanaingia humo, likijaa yanayofuata yanapita juu ya ukuta yanaenda zake korongoni, sio masafi lakini sio yale ya gereji. Mvua ikikatika unayarudisha taratibu kwenye bomba la majitaka, kwa siku mbili ni kama lita 21,000 kwa saa, ukijumlisha na zile 13,000 za kawaida bado uko chini ya 40,000, ila asubuhi watu wakioga unafunga koki unafungua usiku.

Na beseni hilo hilo unaweza kulifanya lisafishe likiwa limejaa maji yanapita. Detroit kwenye mto wao mdogo unaitwa Rouge, mto wa mjini kabisa, wana mabeseni ya namna hiyo, mradi wao ulianza 1992. Maji yanapita kwenye wavu, yanatulia, uchafu mzito unakaa chini, wanapiga klorini, yanatoka. Wanapenda maji yakae humo angalau kama nusu saa. Kwa hiyo beseni letu la mita za ujazo 1,000 linaweza kupitisha mita za ujazo 2,000 kwa saa likiwa linatulizia na kuua wadudu. Halifanyi maji ya kunywa. Linapunguza kipindupindu.

Sasa Mzee Zabibu, miezi yako minne. Beseni la namna hii Desemba mpaka Aprili linafanya kazi, miezi mingine limekauka. Kila kinachozunguka kitakwama humo. Pampu ikikaa miezi saba kwenye vumbi la Dodoma siku ya mvua haiwaki. Klorini ya maji ukiiacha kwenye pipa kwenye joto inakufa nguvu taratibu, ukija kuimwaga Desemba umemwaga maji ya chumvi. Kwa hiyo dizaini yangu mimi haina pampu, inashuka kwa mteremko, na Dodoma mteremko tunao. Klorini iwe ya unga. Na kabla ya beseni lazima kuwe na shimo la mchanga, tena kubwa, maana makorongo yetu wote tunayajua, ni mchanga mtupu, watu wanachota wanaenda kujengea. Usipoweka hilo shimo mvua mbili tu beseni limekuwa shamba.

MzeeZabibu, Jumapili saa 3 usiku

Marahaba kwa yule binti, nilipitiwa.

Fundi hapo kwenye kutumia mteremko umenishika. Ila mchanga nani ataufukua? Miradi yetu kukata utepe tunajua. Kufukua hatujui.

FundiLevo, Jumapili saa 3 usiku

Wale wale wachota mchanga mzee. Weka njia ya kuingiza toroli, utaona kama utabaki. Ila uanikwe juani kwanza, ukauke, ule wa chini una vinyesi, sio wa kupigia plasta.

MamaMchicha, Jumatatu saa 11 alfajiri

Nimewasoma wote usiku kucha nikanyamaza, sasa niseme. Mimi nalima mchicha na figiri bondeni huku chini mnakomwagia. Nyie huko juu mnaongea klorini klorini. Mnajua mkimwaga hiyo dawa kwenye korongo ambalo halina maji mengine, hayo ndo yatakuwa maji yangu? Bustani itaungua. Na mkiyakamata yote mkayarudisha kwenye bomba mi nimwagilie nini, mate?

Na msiniambie niache, watoto wangu watatu wamesoma kwa mchicha huu na nyie mmeula.

MpigaDebeSabasaba, Jumatatu saa 1 asubuhi

Mchicha nimeacha rasmi leo

MteraJunior, Jumatatu saa 2 asubuhi

Mama shikamoo. Hoja yako ndo huwa inasahaulika kwenye kila mpango niliowahi kuuona mezani. Klorini ikibaki kwenye maji inaua samaki na inaweza kuchoma mimea midogo, ndo maana kule wanaitumia halafu kabla ya kutoa maji wanaweka kemikali nyingine ya kuiondoa, sodiamu baisalfaiti. Maana yake pipa la pili, na mtu wa kulipima. Kwenye mto mkubwa unaweza kujificha nyuma ya wingi wa maji. Korongo letu wiki moja baada ya mvua ni mchanga mkavu, kila unachomwaga ndo hicho hicho kinachofika kwa mama.

Kwa hiyo mimi ningesema sehemu ya kwanza chafu ibaki kwenye beseni irudi kwenye bomba iende kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka ya Swaswa. Yale mabwawa ya kutuliza yanafanya kazi kwa jua na muda, la kwanza la kina kirefu halina hewa, linalofuata kina kama mita moja na nusu lina mwani wa kijani, la mwisho lina kina kifupi, jua linapenya linaua vijidudu. Yanahitaji siku nyingi, sio masaa. Ndo maana maji ya mvua ni sumu kwao kwa namna nyingine, ukiyaingizia mvua kwa wingi yanasukuma majitaka yatoke upande wa pili kabla hayajaiva. Viwango vyetu vya maji yanayotoka kwenye usafishaji vinataka ile BOD, yani kipimo cha uchafu unaokula hewa ya maji, isizidi miligramu 30 kwa lita. Huwezi kufika hapo kama umeharakisha.

Maji yanayofuata, yale ya nusu saa baadae, hayo ndo yako mama. Yapite kwenye bwawa la udongo lenye magugu na matete, yatulie, uchote. Na kiukweli hata hayo mwagilia chini kwenye shina, usirushie majani, na acha siku kadhaa kabla ya kuvuna.

MamaMchicha, Jumatatu saa 2 asubuhi

Marahaba mwanangu. Hapo sasa tunaongea. Hilo bwawa la matete liwe na ngazi ya kushukia na ndoo, sio mnajenga ukuta tunavunjika miguu.

KisimaChaKale, Jumatatu saa 4 asubuhi

Bado hamjanijibu. Nani anawakata hao waliochomeka mabomba? Majitaka ni ya mamlaka ya maji. Mitaro ya mvua ni ya watu wa barabara na jiji. Korongo ni la ofisi ya maji ya bonde, maana maji haya yanaingia mto Kinyasungwe, Mkondoa, mpaka Wami. Ua ni la mtu binafsi. Hilo bomba la inchi nne limekaa katikati ya wote hao. Mi nilishaenda ofisi moja wakanituma ya pili, ya pili ikanituma ya kwanza, ya tatu wakaniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari.

FundiLevo, Jumatatu saa 1 usiku

Hapo ndo penye mchezo mzima kaka. Kabla hujapanga lolote inabidi kwanza ujue hayo mabomba yapo mangapi na yako kwa nani, na hii kazi haihitaji mfadhili. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni rangi, unamwaga rangi ya kijani kwenye mfereji wa uani kwa mtu, mwenzako anasimama kwenye chemba inayofuata na tochi. Ikitokea kijani, basi. Ya pili naipenda zaidi, moshi. Unaziba bomba upande mmoja unapuliza moshi usio na madhara ndani ya chemba kwa feni. Moshi unatafuta matundu. Nilishaishuhudia hii kwenye mradi mmoja mkoa mwingine, mtaa mzima tumesimama, mara moshi huo unatoka kwenye mabomba ya paa la jamaa mmoja aliyekuwa anaapa kushoto na kulia kwamba hajaunganisha. Kila mtu kimya. Mke wake ndo alianza kucheka.

Ukishakuwa na ramani ya moshi unapima bomba kiangazi na wakati wa mvua, chemba chache tu, kijana na rula na saa, anaandika kina kila robo saa. Tofauti ya hizo namba mbili ndo ukubwa wa tatizo lako. Bila hiyo karatasi mshauri yeyote atakayekuja atakadiria, na akikadiria atakadiria juu, maana analipwa kwa asilimia ya gharama, beseni kubwa hela kubwa.

Halafu jambo ambalo naliogopa kuliko pesa ni ardhi. Hayo mabeseni na mabwawa ya matete yanataka kukaa pembeni ya korongo, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka kingo za mto shughuli za kudumu haziruhusiwi. Kwenye ramani hizo mita 60 zipo. Nendeni Jumapili mtembee pembeni ya korongo lolote lililo karibu nanyi mkahesabu misingi ya nyumba. Mji umekuwa jiji 2018, watumishi wamehamia, viwanja vimepanda, kila aliye na kipande bondeni anakikata viwili. Atlanta walikuwa na eneo linalofurika katikati ya mji, wakaambiwa handaki, mwishoni wakachimba bwawa la kutunzia maji ya mvua wakaligeuza bustani, Historic Fourth Ward Park, lilifunguliwa 2011, watu wanaenda kupigia picha za harusi. Waliweza kwa sababu uwanja ulikuwepo.

Mji wenyewe wazee wanasimulia umepewa jina na tembo aliyedidimia kwenye tope la korongo huko Kikuyu, wakasema idodomya. Sasa hivi tembo huyo asingepata hata korongo la kudidimia, angekuta fremu za maduka.

BintiMiyuji, Jumatatu saa 2 usiku

Swali la mpangaji. Mi sina nyumba, sina chemba, nafanyaje kesho asubuhi?

MteraJunior, Jumatatu saa 2 usiku

Mvua ikianza usifue na usimwage maji mengi, subiri. Kwenye nyumba ya kupanga kagua choo cha chini kabisa kina leveli gani ukilinganisha na chemba ya barabarani, kikiwa chini yake muulize mwenye nyumba kama ameweka vavu ya kuzuia maji kurudi. Akikujibu mvua ni baraka, endelea kutafuta.

KisimaChaKale, Jumatano saa 12 jioni

Wakuu narudi na aibu kidogo. Nilisema tenganisha kana kwamba najua. Jana nimeenda kwa baba mkwe, nina maanisha kusalimia tu, nikaona uwanja wake wote umelala kuelekea kona moja na kwenye kona kuna kichujio kidogo cha chuma. Nikachukua ndoo nikakoroga ile rangi ya kijani ya keki ya wifi, nikamwaga. Nikakimbia barabarani kwenye chemba, nikafunua na nondo.

Kijani.

MpigaDebeSabasaba, Jumatano saa 12 jioni

Weeeeee 🤣🤣🤣 ukamwambia?

KisimaChaKale, Jumatano saa 1 usiku

Nimemwambia. Kasema aliyefanya ni fundi, yeye hajui. Fundi ni mdogo wake. Tumekubaliana Jumamosi nalikata lile bomba naziba na zege upande wa chemba, maji ya uani tunayageuzia kwenye shimo la kokoto nyuma ya migomba, mita moja na nusu kwenda chini, na ya paa yanaingia kwenye simtanki la lita 5,000 alilokuwa ameliweka juu ya stendi halina kazi.

MzeeZabibu, Jumatano saa 1 usiku

Simtanki ulishushe, juu ya stendi maji ya paa hayatapanda. Na hiyo migomba itakushukuru. Lete picha.

KisimaChaKale, Jumapili saa 11 jioni

Picha zimegoma kupanda, intaneti mbovu. Bomba nimelikata. Mvua imenyesha mchana kama robo saa, tanki limefika nusu, chemba ya barabarani bado ilitikisika kidogo kwa hiyo kuna majirani. Mzee kaninunia mpaka sasa hivi hajanikaribisha chakula, ila nimemuona mara tatu anaenda kugongagonga tanki asikie limefika wapi.

FundiLevo, Jumapili saa 12 jioni

Mwachie ile rangi iliyobaki. Ataanza yeye mwenyewe kwa majirani.